Maana ya Neno "Shaka" katika Kurani Tukufu



Mtu anayeanza kuisoma Kurani Tukufu, akiisha kupita Sura Al-Fatiha, ambayo ni sala ya kuomba uongofu, hukutana mara moja na tangazo kubwa. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 3, Mwenyezi Mungu anakitaja Kitabu chake, kisha anasema kwamba ndani yake hamna shaka. (Katika makala hii twahesabu Bismillahi kuwa ni aya ya kwanza ya sura. Msomaji mwenye msahafu usiohesabu hivyo atazame aya moja nyuma, isipokuwa katika Sura Al-Fatiha, ambamo hesabu ni moja, na katika Sura At-Tauba, ambayo haina Bismillahi mwanzoni.)

Hapa watu wa aina mbili husimama na kuuliza. Wa kwanza ni mpinzani. Yeye husema: "Vipi kitabu kidai kuwa hakina shaka, na hali mamilioni ya watu wanakitilia shaka?" Wa pili si mpinzani. Ni mtu aliyekwisha kuipenda Islam, au aliyekwisha kufanya baiati, lakini usiku akiwa peke yake, baada ya kusikia maneno ya jamaa zake na majirani zake, moyo wake humwambia: "Je, kama nimekosea?" Naye huogopa kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa adhani kwamba aliyepatwa na shaka amekwisha kutoka katika imani.

Makala hii yaandikwa zaidi kwa ajili ya huyo wa pili. Tukilifahamu neno lenyewe sawasawa, tutaona kwamba Kurani imemjibu mpinzani, na imempa mtafutaji wa kweli njia ya kupita.

1. Neno moja la Kiswahili, maneno mengi ya Kiarabu

Neno letu "shaka" limetoka katika neno la Kiarabu "shakk". Katika Kiswahili neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtu asiyejua kama mvua itanyesha husema ana shaka. Mwenye duka anayemdhania mtu kuwa ni mwizi husema anamtilia shaka. Na mtu aliyefikwa na taabu husema yumo mashakani, ingawa "mashaka" ya maana hii yaelekea kutoka katika neno jingine la Kiarabu, yaani "mashaqqa", lenye maana ya taabu na uzito.

Lakini katika Kiarabu cha Kurani Tukufu mambo haya hayakutiwa katika kapu moja. Yapo maneno manne hasa ambayo yatupasa kuyajua: rayb, shakk, mirya na zann. Mfasiri wa Kiswahili, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hulazimika kutumia neno "shaka" kwa matatu ya kwanza, na "dhana" kwa la nne. Hakukosea, ni upungufu wa chombo. Basi yafaa msomaji avitofautishe vitu hivi moyoni mwake.

2. Rayb: shaka yenye kutia wasiwasi na tuhuma

Neno lililotumika katika aya ya 3 ya Sura Al-Baqara si shakk, bali ni rayb. Rayb ni hali ya moyo kukosa utulivu kwa sababu ya kutuhumu. Ndani yake mna mambo mawili: moyo hautulii, na aliye na hali hiyo anashuku kwamba kuna jambo baya limefichwa.

Mfano ulio wazi umo katika aya ndefu kuliko zote za Kurani, yaani Sura Al-Baqara, aya ya 283, inayohusu madeni. Mwenyezi Mungu anaamuru kwamba watu wakikopeshana kwa muda maalum, waandike, liwe deni dogo au kubwa, kisha anaeleza kwamba kufanya hivyo kwawaepusha zaidi na rayb. Tazama vizuri. Watu wawili wamekopeshana shilingi mia tano bila kuandika. Baada ya miezi sita mmoja akumbuka mia tano, wa pili akumbuka mia nne. Huenda wote wawili ni wakweli, lakini tangu siku hiyo hawatazamani kwa macho yale yale. Hali iliyoingia kati yao ndiyo rayb.

Neno hilo hilo limetumika kwa wanafiki wa Madina. Katika Sura At-Tauba, aya ya 45, wasifiwa kuwa ni watu ambao mioyo yao imeingiwa na rayb, nao katika rayb hiyo wanayumba huku na huko. Na katika aya ya 110 ya sura hiyo yasemwa kwamba jengo walilojenga kwa nia mbaya litaendelea kuwa rayb mioyoni mwao. Hata misukosuko ya zama, ambayo haimwachi mtu atulie, imeitwa kwa neno hili katika Sura At-Tur, aya ya 31.

Mtume Mtukufu (s.a.w.), kama alivyopokea mjukuu wake Hadhrat Hasan bin Ali (r.a.), alifundisha kwamba mtu aliache lile linalomtia rayb, alishike lisilomtia rayb, akaeleza kwamba ukweli ni utulivu, na uwongo ndio rayb. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Tirmidhi. Kwa hiyo kinyume cha rayb ni utulivu wa moyo.

3. Shakk: mizani iliyosimama sawa

Shakk ni kitu kingine. Imam Raghib, mwanachuoni mashuhuri wa maneno ya Kurani, ameeleza kwamba shakk ni pale mambo mawili yanayopingana yanapokuwa sawasawa mbele ya mtu, asiweze kuegemea upande mmoja. Naye aihesabu kuwa ni aina ya kutojua. Ni kama mizani yenye uzito sawa katika vitanga vyote viwili. Mwenye shakk halazimiki kuwa na tuhuma wala chuki. Amekosa tu kitu cha kuongeza upande mmoja.

Mfano wake twaupata katika sala. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kwa mapokezi ya Hadhrat Abu Said Khudri (r.a.) yaliyomo katika Sahih Muslim, kwamba mtu akishikwa na shakk katika sala yake, asijue kama amesali rakaa tatu au nne, aitupe shakk, ajenge juu ya lile aliloyakinisha, kisha asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Hakuambiwa kwamba sala yake imeharibika. Hakuambiwa aondoke msikitini. Ameambiwa ashike lililo yakini na aendelee. Kutoka katika mafundisho kama haya wanasheria wa Kiislamu wakapata kanuni yao mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Kurani yenyewe imeonyesha kwamba rayb na shakk si kitu kimoja, kwa kuwa imeyaweka maneno haya mawili pamoja. Katika Sura Hud, aya ya 63, watu wa Thamud wanamwambia Nabii Saleh (a.s.) kwamba wao wamo katika shakk yenye kuleta rayb juu ya yale anayowaitia. Katika Sura Ibrahim, aya ya 10, makafiri wa zamani wawaambia Mitume wao vivyo hivyo. Kama maneno haya yangekuwa na maana moja, kusingekuwa na faida ya kuyaunganisha. Shakk isiyotibiwa huzaa rayb: mtu huanza kwa kutojua, akikataa kutafuta elimu huishia katika kutuhumu.

4. Mirya: shaka inayokamuliwa

Neno la tatu ni mirya. Asili yake, asema Imam Raghib, ni kumpapasa ngamia jike chuchu zake ili maziwa yashuke. Kutoka mzizi huo huo hutoka "mira", maana yake mabishano. Mwafaka wake wajulikana na kila aliyewahi kukaa barazani kusikiliza watu wakibishana juu ya dini. Mmoja alikuja bila shaka yoyote. Lakini kwa kupapasapapasa neno hili na lile, shaka inashuka kama maziwa. Haikuletwa na hoja, imekamuliwa.

Ndiyo sababu Sura Al-Baqara, aya ya 148, na Sura Aal Imran, aya ya 61, baada ya kusema kwamba haki imekwisha kuja kutoka kwa Mola, zatukataza kuwa miongoni mwa wenye mirya. Yaani: mambo yakiisha kubainika, usikae ukiyakamua ili upate shaka.

5. Zann: dhana

Neno la nne ni zann, ambalo kwetu limekuwa "dhana". Hili ni mtu kuegemea upande mmoja bila kuwa na elimu kamili. Mara nyingine Kurani yalitumia kwa maana nzuri, kama katika Sura Al-Baqara, aya ya 47, ambapo wanyenyekevu wasifiwa kwa kuwa na zann ya kukutana na Mola wao, yaani wana imani yenye nguvu juu ya jambo wasilolishuhudia bado. Lakini dhana iliyowekwa mahali pa elimu imelaumiwa. Sura Yunus, aya ya 37, yasema kwamba dhana haifai kitu mbele ya haki. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 13, yaamuru kujiepusha na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

Ipo aya moja ambamo shakk na zann vyakutana, pamoja na elimu na yakini. Ni aya ya 158 ya Sura An-Nisa, inayohusu tukio la msalaba. Mwenyezi Mungu anakanusha kwamba Mayahudi walimwua Isa (a.s.), kisha aeleza kwamba waliohitilafiana juu ya jambo hili wamo katika shakk, hawana elimu nalo, isipokuwa wafuata zann, wala hawakuligeuza kuwa yakini. Sisi Waahmadiyya twaifahamu aya hii kwamba Isa (a.s.) aliwekwa msalabani lakini hakufa juu yake, aliteremshwa akiwa amezimia, akahifadhiwa. Waliomtazama walimdhania amekufa. Dhana hiyo ikajengewa itikadi, na juu ya itikadi dunia nzima ya mafundisho. Kwa hiyo, ewe ndugu uliyetoka katika Ukristo, usione ajabu kwamba hapa umealikwa kuuliza. Kurani imesema wazi kwamba katika jambo hili wenye shaka ni waliokuwa wakidhaniwa kuwa na yakini.

6. Jibu la swali la mpinzani

Sasa turudi kwenye aya ya 3 ya Sura Al-Baqara. Mpinzani asema kwamba watu wengi wana shaka, basi tangazo si kweli. Lakini atazame neno kwa neno. Kurani imesema kwamba rayb haimo ndani ya Kitabu. Haikusema kwamba rayb haimo ndani ya watu. Aya ishirini na moja mbele, yaani katika aya ya 24 ya sura hiyo hiyo, Mwenyezi Mungu mwenyewe awaambia wapinzani kwamba ikiwa wao wamo katika rayb juu ya yale aliyomteremshia mtumishi wake, basi walete sura moja mfano wake. Katika aya ya kwanza shaka haimo katika Kitabu. Katika aya ya pili watu ndio waliomo katika shaka. Mtu aliyefumba macho anaweza kuwa gizani adhuhuri. Giza lake si aibu ya jua.

Tazama tena namna Mwenyezi Mungu anavyomjibu mwenye rayb. Hamwambii anyamaze. Katika aya ya 24 ampa mtihani anaoweza kuujaribu. Katika Sura Al-Hajj, aya ya 6, awaambia wenye rayb juu ya kufufuliwa watazame walivyoumbwa kutoka katika udongo, kisha tone, mpaka mtoto akazaliwa, na watazame ardhi kavu inavyochipuza ikinyeshewa mvua. Katika Sura Yunus, aya ya 95, mwenye shakk aambiwa awaulize wale wasomao Kitabu cha kabla. Kila mahali mwenye shaka hupewa kazi: leta, tazama, uliza.

7. Kuuliza si kuasi

Huenda, ndugu msomaji, bado waogopa kwamba swali lako ni dhambi. Soma Sura Al-Baqara, aya ya 261. Nabii Ibrahim (a.s.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kwamba anaamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakukemewa, alionyeshwa njia. Na Mtume wetu (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Sahih Bukhari, alisema kwamba sisi tungestahili shakk zaidi kuliko Ibrahim, maana yake, Ibrahim (a.s.) hakuwa na shakk. Alikuwa na imani, akaomba utulivu.

Hata katika Injili ya Yohana, mlango wa 20, mwanafunzi Tomaso alikataa kuamini mpaka aone alama za misumari na kutia mkono ubavuni. Bwana wake hakumfukuza. Alimwambia alete kidole chake. Na jambo hilo ladhihirisha kwamba mwili alioonyeshwa ulikuwa mwili ule ule wa damu na nyama, wenye majeraha yale yale.

Zaidi ya hayo, ipo hadithi katika Sahih Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kwamba wanapata nafsini mwao mawazo mazito mno hata hawathubutu kuyatamka. Akawauliza kama kweli wamehisi hivyo. Waliposema ndiyo, akawaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Maana yake si kwamba wazo baya ni imani, bali kule kuumia kwao na kulichukia ndiko kulikoonyesha kwamba imani ipo hai. Mwizi haendi kwenye nyumba tupu.

Lakini ole wake anayeipenda shaka yake na kukaa nayo. Sura Al-Mumin, aya ya 35, yaeleza habari za watu wa Yusuf (a.s.): hawakuacha kuwa katika shakk juu ya yale aliyowaletea, na alipokufa wakasema kwamba Mwenyezi Mungu hatamtuma tena mjumbe baada yake. Mwisho wa aya wamekwisha kuitwa kwa jina litokalo katika rayb. Walipokuwa naye hawakumwamini. Alipoondoka walimfanya wa mwisho, ili wasilazimike kumwamini mwingine. Kila zama aya hii yafaa kusomwa na wale wanaosikia habari za mwitaji wa Mungu.

8. Dawa ya kila ugonjwa

Basi shaka ikikujia, usiulize kwanza, "Je, mimi nimekufuru?" Uliza, "Hii ni ya namna gani?"

Ikiwa ni shakk, yaani hujui, dawa yake ni elimu. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani kwa jiwe safarini. Akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama yafaa atayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika mno, akasema kwamba wao wamemwua, na kwa nini hawakuuliza hali hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Ndugu, mtu alikufa kwa sababu wenzake waliona haya kusema "hatujui". Usiione haya iliyowafisha wengine kuwa ni adabu. Mwendee mubaligh wako, mwandikie, mwulize.

Ikiwa ni rayb, yaani unamtuhumu mtu au Jumuiya kwa jambo ulilolisikia, fanya kama Kurani inavyoamuru katika deni: liweke wazi. Mwendee mwenyewe, tazama kitabu chenyewe, usikubali nusu ya sentensi iliyokatwa na mpinzani.

Ikiwa ni mirya, yaani imekuja baada ya mabishano ya barazani, ondoka barazani. Huhitaji hoja mpya, wahitaji kimya na rakaa mbili.

Ikiwa ni dhana, usijenge juu yake.

Na ikiwa ni wasiwasi tu, sauti ndogo isiyo na hoja wala ushahidi, Sura An-Nas imefundisha kimbilio lake. Jilinde kwa Mola, kisha endelea na kazi yako.

Tena usiridhike na kuondoa shaka peke yake. Shamba halilimwi ili magugu yatoke tu. Lalimwa ili lipandwe. Kurani yataja daraja tatu za yakini: ya elimu na ya macho katika Sura At-Takathur, na ile ya hakika yenyewe katika Sura Al-Haqqa, aya ya 52. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba mwaka 1896, alizieleza kwa mfano wa moto. Aonaye moshi kwa mbali ajua kwamba pana moto. Aonaye miali ana yakini ya macho. Auingiaye na kuhisi joto lake amefika kwenye hakika. Wengi wetu tumesimama kwenye moshi, tukabishana juu ya rangi yake.

Njia ya kuukaribia moto huo ni sala. Katika kitabu chake Nishan-e-Asmani cha mwaka 1892, yeye mwenyewe aliwaalika wale waliokuwa na shaka juu ya dai lake wasimtegemee yeye wala maadui zake, bali wamwombe Mungu usiku awafunulie kweli, wakiwa wametakasa mioyo yao na chuki na upendeleo. Fikiri, msomaji: mwongo atawaambiaje watu wakamwulize Mungu habari zake?

Basi nawe, usiku ule moyo unapouliza, usiukemee wala usiufiche. Tawadha, simama, useme kwa Kiswahili chako mwenyewe: "Ewe Mola, mimi sijui, nawe wajua. Nionyeshe." Mtu anayeomba hivyo hayumo tena katika shaka ya waliopotea. Ameingia katika njia ya Ibrahim (a.s.).

Mwenyezi Mungu atuondolee shaka iangamizayo, atupe swali liongozalo, na aitulize mioyo yetu kwa yakini itokayo kwake. Amin.